Anko Alivyochuchumaa

Kilichoninyima usingizi wiki ile si kama nilipize kisasi au la. Hilo nilikuwa nimeshaliamua. Kilichonisumbua ni kama watu wangejua kwamba ni kisasi. Nililala kwenye godoro langu mtaani Berea, pazia likinitenganisha na cherehani ya mama mwenye nyumba, nikipanga jinsi ya kumwaibisha mtu mmoja mbele ya watu wote, na kila mpango niliotunga ulikuwa na kasoro ileile. Kwa mtu aliyekaa nje ya uzio akila nyama choma, ungeonekana tu kwamba nimeshindwa.

Mtu mwenyewe alikuwa nahodha wa timu ya besiboli ya Randburg, mtaa wa wenye pesa. Mkenya aliyehamia huku kama mimi, mtu wa benki, mzee wa ushirika wetu wa Jumapili, ambaye hakuna sherehe inayoanza kabla hajaombea chakula. Sisi vijana wote tulimwita anko. Nilipomaliza chuo na kuanza kuzunguka na vyeti vyangu, mama alimpigia simu kutoka Nakuru amwombe anishike mkono. Akaahidi kuniulizia kazi benki, akanialika mazoezini.

Nilipenda mchezo ule siku ya kwanza. Mrushaji anasimama peke yake kwenye kichuguu katikati ya uwanja, ameshika mpira, na hakuna kinachotokea mpaka yeye ameamua. Mbele yake yuko mpigaji na gongo lake, na nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, ambaye humwonyesha mrushaji kwa vidole ni mpira wa aina gani arushe. Mrushaji akikubali anatikisa kichwa, akikataa anakizungusha, na mdakaji anaonyesha mwingine. Randburg mdakaji alikuwa anko mwenyewe.

Nilikuwa na mkono mzuri. Tatizo lilikuwa kichwa. Kabla ya kurusha nilifuta vidole kwenye suruali, nikatazama juu, nikarekebisha kofia, nikajiuliza mpigaji anadhani mimi nadhani nini, kisha nikaanza upya. Hivyo ndivyo ninavyofanya kila kitu. Hata ujumbe wa kumtakia mtu heri ya kuzaliwa huwa nauandika asubuhi na kuutuma jioni.

Kwenye sherehe ya ushirika ya kufunga mwaka, anko alisimama na samosa mkononi akasema, "Ngojeni niwaonyeshe msomi wetu akirusha mpira." Akafuta vidole kwenye suruali. Akatazama dari. Akaguna, akajikuna kidevu, akainua samosa, akaishusha. "Jamani, si mtu amwambie giza linaingia!" Akina mama walishikana mabega kwa kucheka. Watoto wakaanza kumwiga. Mimi nilisimama karibu na meza ya soda nikitabasamu, kwa sababu sikujua uso wangu niuweke wapi.

Mtu alirekodi. Jioni ile ile video ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na baba yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka kitu chochote kilichomo kwenye simu, akaijibu kwa kile kiuso kinachotoa machozi ya kicheko. Kimoja tu. Nilikitazama kile kiuso mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nikahama timu. Sisi wa Berea tulikuwa na timu yetu: walinzi, wasusi, fundi wa simu, Wakongo wengi, Warundi, Wakenya wachache wasiofaa Randburg. Tulifundishwa na Mkuba mmoja, daktari mstaafu aliyekuja huku kwa kazi akaoa na kubaki. Alikuwa mtu wa kelele, aliyeiba wazi wazi kwenye domino, na kila alichosimulia kiliongezeka kidogo kila alipokirudia. Lakini kisa kimoja hakukibadilisha hata siku moja, nacho ni cha timu ya mkoa wake.

Mkoa wake uko magharibi kabisa mwa kisiwa chao, nchi ya mashamba ya tumbaku. Watu wa mji mkuu, alisema, waliwafanya kichekesho cha taifa. Walisimulia kwamba watu wa mkoa ule walijenga sinema, wakapiga lipu, wakapaka rangi, wakafunga viti, ndipo wakagundua kwamba mashine ya kuchanganyia zege imebaki ndani na haipiti mlangoni. "Ukifika chuo kikuu mjini," alisema, "hawakuulizi jina. Wanakuuliza, ile mashine mmeshaitoa?"

Timu yao nayo ilikuwa kichekesho. Ilikuja mjini kupigwa na kurudi. Lakini ligi ya kule haikuwa na matajiri wa kununua wachezaji. Mtu alichezea mahali alipozaliwa mpaka mkono uchoke. Mtoto wa mkulima aliyerusha vizuri hakuwa na pa kwenda, na mdogo wake vilevile, na wa jirani. Wakabaki pamoja, wakakomaa pamoja. Halafu mwaka mmoja, wakiwa wamevaa kijani chao, wakaenda mji mkuu wakashinda, na wakazoea. Wakachukua ubingwa, wakauchukua tena, mpaka watoto wa mjini wakakua bila kujua kwamba watu wale waliwahi kuwa wa kuchekwa.

"Na kichekesho cha mashine?" nilimuuliza.

"Bado wanakisimulia," alisema. "Ila sasa wanakisimulia wakiwa wameshindwa. Ni kitamu zaidi hivyo."

Sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mrushaji mmoja wa kijijini kwao. Uwanja wa mji mkuu umejaa, watu wanapiga miluzi, wanamwita mshamba, wanataka arushe haraka akosee. Yeye akainama akafunga kamba za kiatu. Miluzi ikazidi. Akafunga cha pili. Mpigaji wa mjini akachoka kungoja, mikono ikamlegea kwenye gongo, na hapo ndipo mpira ulipokuja. Mkuba alikiigiza kisa hiki kila mara, akiinama kwa taabu na kuhema, na sisi tulikuwa tunampigia miluzi ya uongo.

Kwa heshima ya mkoa ule tulivaa kijani. Mama mwenye nyumba wangu, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alinunua kitambaa Newtown akatushonea fulana na kofia. Na Mkuba alileta desturi nyingine ya kwao kwenye ligi yetu ndogo: timu zinazobaki kugombea kombe huchagua wachezaji wa nyongeza kutoka zile zilizotolewa. Kwao ni desturi ya juzi juzi, na wazee wanaichukia, maana mtoto wa tumbaku anaweza kuamka amevaa rangi ya mji mkuu. Lakini Mkuba alisema besiboli bila chuki kidogo haina ladha.

Msimu huo Randburg wakatutoa kwenye nusu fainali. Baada ya mchezo, moto wa nyama ukiwa umewaka, tukapangwa mstari ili nahodha wao achague. Mrushaji wao mkuu alikuwa ameumia bega, na fainali ilikuwa Jumapili iliyofuata dhidi ya timu ya Pretoria. Anko alipita mbele yetu na koleo la nyama mkononi. Akasimama kwangu.

"Namchukua msomi," akasema kwa sauti. "Lakini aje Jumamosi, ili Jumapili tuwe tumemaliza."

Wakacheka, hata wenzangu wawili watatu. Desturi inakuruhusu kukataa. Nilisema nitafikiria, na bila shaka hilo likaleta kicheko kikubwa kuliko cha kwanza.

Ndiyo wiki niliyoanza nayo. Nikikataa, watasema nimeogopa. Nikienda nikawashindia, anko atainua kombe na kunipiga mgongoni kama punda wake. Mpango ulionivutia ulikuwa wa tatu: niende, nirushe vizuri mpaka mwishoni, kisha niwape Pretoria mipira laini, mmoja baada ya mwingine, nimtazame anko akiliona kombe likiondoka.

Mama mwenye nyumba alikuwa upande huo kabisa. "Bale banakuchekaka, na weye unaenda kubasaidia?" alisema, pini mdomoni, akinisogezea sahani ya ugali. "Miye ningeenda, papa. Ningebaharibishia yote. Kula bukari, inapoa."

Nilikwenda nyuma ya jengo nikajizoeza kushindwa. Nilichora mraba ukutani kwa chaki nikarusha mipira ya kipumbavu, ya polepole, ya katikati. Nilikuwa hodari. Lakini nilipokuwa nikijitazama, nafuta vidole, natazama juu, kisha narusha mpira mbovu, nikamwona anko na samosa yake. Ilikuwa video ileile. Nikishindwa makusudi, hakuna hata mmoja atakayesema amelipiza. Watasema, si tuliwaambia? Baba angetuma kiuso kingine.

Nilimweleza Mkuba yote, hata ule mpango wa tatu. Alinisikiliza huku akificha domino chini ya mkono.

"Ukichukuliwa, unarusha," alisema. "Mpwa wangu walimchukua wa mji mkuu. Majirani waliacha kumsalimia dada yangu. Alirusha vizuri kana kwamba alizaliwa pale."

"Kwa hiyo nimsamehe?"

"Nani amesema kusamehe?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimesema urushe. Namna ya kurusha ni yako. Hakuna saa kwenye kichuguu, chico."

Nilitoka kwake kwa miguu, na kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, nikingoja kuvuka, nikaelewa alichosema. Taa ikawaka kijani, watu wakanipita. Nikabaki palepale nikicheka peke yangu.

Jumapili ilikuwa na jua la kuchoma shingo. Ushirika wote ulikuja moja kwa moja kutoka ibadani, viti vya kukunja, makasha ya vinywaji baridi, simu juu. Nilivaa fulana ya Randburg na kofia yangu ya kijani. Anko alitaka niivue. "Nyongeza huja na kofia yake," nilimwambia, jambo ambalo nililitunga pale pale, na Mkuba kutoka kwenye uzio akapiga kelele kwamba ndiyo sheria.

Anko akachuchumaa nyuma ya mpigaji wa kwanza. Anko ana zaidi ya miaka hamsini, ana tumbo, na magoti yake yalikuwa yakilalamika tangu nimfahamu. Akanionyesha kidole kimoja: mpira wa kasi. Nikafuta vidole kwenye suruali. Nikatazama juu. Nikarekebisha kofia.

Nikazungusha kichwa: hapana.

Akaonyesha viwili. Hapana. Vitatu. Nikafikiria. Nikajikuna kidevu, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe. Hapana. Akarudi kwenye kimoja, ambacho ndicho nilichokitaka tangu mwanzo, nikatikisa kichwa, nikarusha. Mpigaji alikuwa ameshachoka kungoja. Gongo likakata hewa.

Nilifanya hivyo mchana kutwa. Sikurusha mpira mmoja wa hovyo. Nilirusha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na kila mpira niliuanza na samosa. Watu wa ushirika waliielewa mapema. Kwanza wakanong'ona, kisha mama mmoja akapasuka kwa kicheko, na safari hii hawakuwa wananitazama mimi. Walimtazama aliyechuchumaa, jasho likimtiririka ndani ya kinyago, mkono mmoja chini ukishika udongo asianguke. Watoto wakaanza kuchuchumaa nje ya uzio na kugumia, "Aa! Magoti!"

Tukiongoza, zamu ya mwisho, anko akaomba muda akaja mpaka kichuguuni. Alikuwa anachechemea.

"Kijana, eish, rusha basi. Nimeshakuelewa."

"Bado nafikiria, anko."

"Nakuomba. Mbele za watu hivi?"

"Mbele za watu ndiyo pazuri," nilisema. "Si ndipo tulipoanzia?"

Alinitazama kupitia vyuma vya kinyago. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimejiandalia maneno. Lakini alionekana mchovu tu, akarudi, akajishusha taratibu, goti la kulia kwanza. Kwa mpigaji wa mwisho niliinama nikafunga kamba za kiatu. Kwenye uzio Mkuba alipiga ukelele wa Kihispania ambao sijawahi kuusikia tena. Nikafunga na cha pili. Anko akatikisika pale chini. Nikasimama, nikarusha, gongo likakosa, na kombe likawa la Randburg.

Desturi ni kwamba mdakaji humkimbilia mrushaji wakakumbatiana. Anko alijiinua kwa kushika paja, akavua kinyago, akaja kwangu amefungua mikono yote miwili, na tabasamu lile la sherehe. Simu zilikuwa juu. Nikampita. Nilivua fulana ya Randburg nikitembea, nikaiweka kwenye mkono wake mmoja uliobaki umenyooka, kama mtu anayetundika koti, na chini yake nilikuwa na ya kijani. Nikaenda mpaka kwenye uzio. Mkuba alikuwa analia. Mama mwenye nyumba alikuwa anarekodi, kidole kimoja kimefunika kona ya kioo.

"Bakucheke tena," alisema. "Nimeshika yote, papa. Yote."

Jioni aliniletea video. Anko akichuchumaa, anko akiomba, anko amesimama katikati ya uwanja, mikono wazi, fulana ikining'inia. Nilifungua kundi la ukoo. Niliandika maneno ya kuieleza, nikayafuta. Nikaandika mengine, ya heshima, kwamba ni utani tu. Nikafuta. Nikafikiria mke wa anko, ambaye hajanikosea. Nikafikiria kazi ambayo anko aliahidi kuniulizia benki. Nikafikiria kile kiuso kimoja cha baba. Nikafuta vidole kwenye suruali, nikaituma bila neno.