Tulivyomtilia Baba Mpira Garini

Gari langu ni kuukuu, lina hata tundu la kaseti. Mume wangu hulicheka, nami humwambia alicheke akiwa nje, maana ndilo linalonipeleka hospitalini kazini na halijawahi kunilaza njiani. Niliposema nataka kulitilia redio ya setilaiti, alinitazama kana kwamba nataka kumnunulia ng'ombe viatu.

Sababu yangu ilikuwa moja, nayo ilikuwa imeketi sebuleni kwetu hapa Mansfield. Baba yangu alikuwa ameshapofuka kabla hatujamleta Texas. Nyumbani Kenya anajua mlango uko wapi, anajua jirani kwa mwendo wake. Hapa hakujua hata rangi ya nyumba anayolala. "Mama," aliniambia, maana nimepewa jina la mama yake, "hapa mimi ni mzigo wa kubebwa tu. Nitafutie tiketi nirudi." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kilichokuwa bado kinamwamsha ni mpira, lakini mpira wa redio. Mtangazaji wa televisheni ni mvivu bwana, anajua unaona, anataja jina la mchezaji kisha ananyamaza. Wa redio anakupa kila kitu: nani ana mpira, yuko upande gani, nani anamkimbilia. Baba alikuwa akikaa mbele ya televisheni yetu akiuliza, "Sasa uko wapi?" Na sisi wenye macho, kabla hatujajibu, mpira umeshafika kwingine.

Jumamosi hiyo timu yake ilikuwa inacheza saa tatu asubuhi kwa saa za huku, na saa sita tulitakiwa tuwe Stafford kwa dada yangu, mwendo wa saa nne kwa gari. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na posa bila babu ni posa gani? Kusikiliza mpira kwa simu tulishajaribu safari iliyopita. Ilikata njiani, karibu na Corsicana, goli likafungwa, na hatukujua nani kafunga. Nikaapa haitatokea tena.

Ijumaa jioni mume wangu akaingia kazini mbele ya gereji, ananung'unika lakini mikono inaenda. Kidude chenyewe ni kidogo kama simu. Kinapata umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, na sauti inapitia kaseti bandia yenye waya. Antena ina sumaku, inanasa juu ya paa. Alipowasha, mwanamume akazungumza ndani ya gari langu, safi kabisa. Aki nilicheza. Nilicheza pale nje na viatu vyangu vya kazini, jirani ananitazama, na sikujali.

Asubuhi baba ndiye aliyekuwa tayari wa kwanza, koti limefungwa vifungo vyote. Tulimkalisha mbele, mimi nikakaa nyuma, mume wangu akashika usukani. Moyo wangu ulikuwa unadunda utadhani naenda kucheza mimi. Ilipokaribia saa tatu tukawasha. Kimya. Kioo cha kidude kikaandika kwamba hakuna mawimbi.

Nikaanza kumsema aliyetuuzia, nikawasema na watoto wake. Baba alikuwa ameweka mikono magotini. "Basi, mama," akasema. "Wacha. Nitaambiwa matokeo."

Upole huo ulinikata maini. Nikamgeukia dereva. "Antena iko wapi?"

Akakaza macho barabarani. Mkao huo naujua, nimeolewa nao.

"Kwenye buti," akasema hatimaye. "Chini ya blanketi. Jana niliona haifai kuiacha wazi juu ya paa."

Msimcheke sana. Mwanamume huyu Nairobi aliibiwa vioo vya pembeni mara mbili, mara moja akiwa ndani ya gari kwenye foleni, na alipoenda kununua vingine akauziwa vile vile vyake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini hapa Mansfield, mtaani kwetu, watu wanaacha gereji wazi na baiskeli ndani.

"Setilaiti iko mbinguni," nikamwambia, "wewe umeizika."

Baba ndiye aliyecheka kwanza. Tukaingia kituo cha mafuta, mume wangu akaruka nje, akaichomoa antena na kuibandika juu ya paa. Sauti ikaja na kelele zote za uwanja. Mechi ilikuwa imeanza, bado hawajafungana.

Kuanzia hapo sikumtambua baba. Mtangazaji alikuwa anasema Kiingereza, na baba juu yake anatutangazia sisi kwa Kiswahili, mwili mbele, kidole kinaonyesha kwenye kioo cha gari. "Huyo anatoka kushoto. Mwangalieni. Mwangalieni, wanamwachia nafasi." Goli lilipoingia akaupiga mguu wa mume wangu, gari likayumba, nikapiga kelele, naye mume wangu akapiga kelele zaidi. Kwa furaha niliyokuwa nayo ningeweza kusukuma hilo gari hadi Stafford.

Filimbi ya mwisho ilipigwa tukiwa tumepita Huntsville. Wameshinda. Baba akapapasa, akakipata kidude, akapunguza sauti. Nikadhani amechoka, anataka kulala.

"Mama."

"Naam, baba."

"Mpira umekwisha. Sasa nitangazie barabara."

Miezi yote hiyo hakuwahi kuuliza Texas ikoje. Nikasogea katikati ya viti vya mbele nipate kuona vizuri.

"Ni misonobari," nikaanza. "Mirefu, pande zote mbili. Mbingu ni nyeupe kidogo. Mbele yetu kuna lori jekundu, linaenda polepole, na mkweo anataka kulipita."

"Anapita upande gani?"

"Kushoto."

Baba akasogea mbele tena kitini. "Endelea," akasema. "Usininyamazie. Amelipita?"