Niliposwalisha kwa Mkia wa Pikipiki

Alhamdulillahi, nimerudi Wiyoni salama, na aibu yangu nimerudi nayo.

Mkwe wangu Athumani alinipakia kwa pikipiki kutoka Mokowe hadi Zambia, kumzuru dada yangu mgonjwa. Njiani tulilala hemani. Kila jioni pikipiki ilibaki imeelekea kusini tuendako, nami nikaswali kuelekea mkia wake, kwani nyuma yetu ndiko kwetu Amu, na mbele ya Amu ndiko Makka.

Tulipovuka mpaka, Athumani alitoa simu anionyeshe kibla.

"Weka simu, mwanangu," nikamwambia. "Nimeanza kuswalisha watu wewe hujazaliwa."

Akairudisha mfukoni. Mkwe hambishii baba wa mkewe.

Alfajiri moja, mawingu yametanda, madereva watatu wa malori waliolala jirani nasi waliniomba niwaswalishe. Swala ya watu ni amana shingoni mwa imamu. Nikatazama pikipiki, nikasimama kuelekea mkia, nikasoma sura ndefu kwa sauti niliyoipenda mwenyewe.

Nilipotoa salamu, mawingu yalifunguka. Kwetu, aelekeaye kibla hulipata jua la asubuhi mkono wa kulia. Hili lilichomoza kushoto kwangu.

"Sheikhe," dereva mmoja akauliza taratibu, "Makka imehama?"

Nikamgeukia Athumani. "Pikipiki imefanywani?"

"Niliigeuza usiku, baba, upepo usiiangushe."

"Ukaniona nimekosea, ukanyamaza?"

Akainamisha kichwa mbele ya watu wote. "Ulinambia niweke simu, baba."