Nusu ya Moto wa Jua

Mukandekezi aliufahamu moto kuliko alivyowafahamu watu, kwa maana moto haukuwahi kumdanganya. Aliuza makaa mtaani Nyamirambo tangu ujana wake, vumbi jeusi likimganda hadi kwenye kope. Kwa makaa hayo alijenga nyumba ya mbele, mabati mapya na sakafu ya saruji. Ndipo mumewe, Viateur, akamleta Kabagwira, msichana wa Gahanga, akamweka humo. Aliyejenga akasukumwa kwenye chumba cha uani. Wazee wa ukoo walikunywa pombe ya Viateur, wakafuta midomo, wakasema mwanamke hana kiwanja.

Asubuhi ya kwanza Kabagwira alikuja uani na kigae mkononi, kuomba makaa ya moto kama majirani wanavyoombana kila alfajiri. Kwao, kumnyima mtu moto ni kumwambia kwamba kwako amekwisha kufa. Mukandekezi akasema mbele ya wapangaji wote wa uani:

"Siku jua litakapoishiwa kuni, njoo nikupe."

Neno hilo likawa kiapo. Viateur alikufa, kiapo kikabaki. Kila jua lilipochomoza nyuma ya kilima cha Rebero, alilitazama na kuona hasira yake iko mahali salama. Hakuwa na mali nyingine.

Masika ya mwaka 1992, alimpelekea fundi cherehani Nsabimana makaa ya pasi. Redio ya fundi ilikuwa ikizungumza Kiswahili, mtaalamu fulani akieleza mambo ya mbinguni.

"Nsabimana, mtu huyo kasema nini?"

"Kasema jua litazimika, mama. Kuni zake limekwisha kula nusu."

"Jua lina kuni?"

"Si kuni za kuchanja. Ni hewa iliyo tumboni mwake. Linajila lenyewe, wala hakuna wa kuliongezea."

Gunia likamponyoka, makaa yakatawanyika barazani.

"Usiogope," fundi alicheka. "Bado miaka milioni elfu tano. Hata suruali ya huyu Sibomana nitakuwa nimeimaliza."

Wateja wakaangua kicheko. Mukandekezi hakucheka. Alijua maana ya nusu. Jiko likifika nusu bado ni jekundu, na mpishi mjinga hudhani limewashwa sasa hivi. Miaka yote hiyo alikuwa ameifunga hasira yake kwenye nguzo aliyodhani Mungu ameisimika kwenye mwamba, kumbe nguzo inaliwa kwa ndani! Alirudi nyumbani asithubutu kutazama juu.

Usiku kucha mvua ilinyesha. Kulipokucha, Kabagwira alikuwa amesimama mlangoni pake, mtoto mgongoni, kigae mkononi. Tangu siku ile ya kiapo hakuwahi kukanyaga hapo.

"Dada mkubwa, kiberiti kimelowa. Mtoto hajanywa uji."

"Kiapo unakijua."

"Nakijua. Lakini redio ya fundi inasikika hadi kwangu. Jua limebakiza nusu." Akanyoosha kigae. "Basi nipe nusu ya moto."

Mukandekezi aliinua macho. Nje jua lilikuwa limepenya mawingu, hafifu, likijila ili wapate joto watu wasiojua kushukuru. Kazi hiyo aliijua. Na yeye alijila hivyo hivyo, bati kwa bati, akijenga nyumba ile.

Akachukua koleo, akagawa makaa taratibu, kama mtu anayegawa urithi, akatia nusu kwenye kigae.

"Sijakusamehe," alisema. "Nyumba ni yangu."

"Najua, dada. Nyumba ni yako."

Koleo likabaki hewani. Si Viateur, si wazee, hakuna aliyewahi kuyatamka maneno hayo. Na leo yametoka kinywani mwa huyu!

"Nusu nyingine," alisema, "utaijia jua likizimika. Haya, nenda. Mtoto analia."