Bangili ya Fedha Niliyoichagua kwa Macho

Likizo ya kidato cha pili nilipelekwa Msimbu kwa bibi mzaa baba, na nikarudi Misugusugu nikiwa mchumba wa mtu. Sasa niko kidato cha tatu, na bado sielewi vizuri nilivyoingia kwenye uchumba huo.

Siku ya tatu pale kwa bibi alikuja mama mmoja wa nyumba ya pili, mwembamba, mpole, amebeba furushi la kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa mkekani akalifungua. Ndani bangili tupu: za plastiki nyekundu na njano, za shaba nyembamba kama waya wa breki, kamba ya shanga, na moja ya fedha, nzito, imesokotwa kama kamba ya kitanda.

"Chagua, mwanangu," akasema. "Jipambe tukuone."

Mimi kuambiwa nijipambe! Shuleni kwetu hata ukivaa uzi mkononi, mwalimu wa zamu anauona uzi kabla hajakuona wewe. Nikaanza na plastiki, zote, mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. Nikasimama nikawapungia mkono kama mgeni wa taifa anayeshuka kwenye ndege.

"Umekuwa duka la ushirika," alisema shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye hacheki ovyo.

"La ushirika lingekuwa tupu, Shangazi."

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. Yule mama hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nikajaribu shaba. Nina imani yangu kuhusu bangili nyembamba: mbili zinanong'ona, nne zinaongea, saba husikii hata ukiitwa. Nikavaa nne. Halafu nikachomeka plastiki moja nyekundu katikati, na papo hapo shaba zikaanza kufanana na vipuri vya baiskeli. Nikazitoa. Shanga nikazizungusha mara tatu, nikawa kama kuku aliyefungwa miguu kupelekwa sokoni. Tatizo ni mkono wenyewe. Mwembamba, mrefu, mpini wa jembe. Kila kitu kinaning'inia.

Basi nikaichukua ile ya fedha. Ilinibidi nikunje kidole gumba na kukaza meno ndipo ikapita. Ikakaa peke yake kwenye mkono wa kushoto, na ghafla ule mpini ukawa mkono wa mtu.

"Hii," nikasema. "Hizo nyingine zirudi tu."

"Hiyo?" Yule mama alivuta pumzi.

"Hii hii."

"Hutabadilisha?"

"Nibadilishe nini tena, mama, si unaona ilivyokaa?"

Shangazi akapiga kigelegele. Nami sipendi kuachwa nyuma kwenye kelele, nikapiga changu, kirefu kuliko chake.

Kuanzia hapo dunia ikabadilika na mimi sikuarifiwa. Nilichukua ndoo niende kisimani, nikanyang'anywa. Nilichukua ufagio, nikanyang'anywa. Jioni akachinjwa jogoo, yule yule ambaye bibi alisema hachinjwi mpaka Idi. Nikapewa paja. Kwa kawaida mimi hupewa shingo na mahubiri.

"Bibi," nikamnong'oneza, "nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kaa vizuri, funika miguu."

Huyu ni bibi yangu ambaye tunataniana tangu nikiwa na meno ya utoto! Nikafunika miguu. Usiku nikahesabu dhambi zangu nikijaribu kujua ni ipi imenipatia paja.

Asubuhi shangazi akaniuliza, kwa sauti ya taratibu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mkwe wako anauliza, unapenda samaki gani?"

"Mkwe wangu nani?"

"Aliyekuletea bangili. Kijana wake ndiye anaendesha trekta la kijiji. Mtu wa kazi, hana maneno."

Nikacheka. Shangazi hakucheka. Nikaacha.

Ndipo akanieleza, akishangaa kwamba nahitaji kuelezwa. Katika ukoo wa yule mama msichana haulizwi kwa mdomo, maana mdomo una haya. Anaulizwa mkono. Analetewa bangili, anaambiwa achague. Akichukua plastiki, bado anacheza, mrudie mwakani. Akichukua shaba, anafikiria. Akichukua fedha, amejibu. Na mimi nilijibu kwa kigelegele.

"Na shule?"

"Shule ni kama kisima, haihami." Akaenda zake.

Nikaenda nyuma ya nyumba kuivua. Haikutoka. Sabuni haikuwepo, sabuni mwaka ule ilikuwa kama mgeni wa heshima, unasikia tu imepita kijiji cha jirani. Nikapaka mafuta ya nazi. Nikapaka mlenda wa bamia, wallahi, bakuli zima, nikawa nateleza mpaka kiwikoni na bangili imekaa pale pale. Shangazi akanikuta.

"Imekataa kutoka," akasema kwa furaha. "Unaona? Imekubali."

"Hata kupe akinasa hatoki, Shangazi. Naye kaniposa?"

Alinirushia ufagio, ukanikosa kidogo sana.

Nyumbani Misugusugu nilimwonyesha baba. Baba ni karani wa ofisi, akaanza na utaratibu. "Posa huja kwa barua. Barua zote za nyumba hii napokea mimi. Hii imepita wapi?"

"Imepita mkononi, Baba."

Akasema hakuna binti yake atakayeacha masomo. Nikashukuru. Nikamwomba basi amwambie shangazi. Akakohoa. Akasema ataongea na dada yake kwa wakati muafaka. Mama akamtazama, akarudi jikoni. Nilielewa kwamba huo wakati muafaka tungeungoja mpaka nizae.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa zamu aliiona bangili kabla sijafika mstarini.

"Vua."

"Haivuliki, Mwalimu."

"Basi karakana, ikakatwe."

Fundi wa shule akaushika mkono wangu akaugeuza kwenye mwanga. "Fedha halisi hii, binti. Una uhakika?"

Sikuwa nao. Kuitaka itoke nilitaka. Lakini kama kuivaa kulikuwa jibu, kuikata ni nini? Tusi? Talaka? Sijaolewa, natoaje talaka? Na kusema kweli ilikuwa imenikaa vizuri mno. Kengele ya somo la kwanza ikalia. Darasani kiti changu kilikuwa kitupu, na huko Msimbu mtu anaulizia samaki. Nikauweka mkono juu ya meza.

"Kata, Fundi."

Msumeno wa chuma una sauti mbaya ukiwa karibu na ngozi. Alikata mara mbili, vikaanguka vipande viwili.

Jumamosi nikarudi Msimbu peke yangu, bila kupitia kwa bibi. Yule mama alikuwa anapepeta mpunga. Nikasema shikamoo, nikampa leso. Akaifungua, akavitazama vile vipande.

"Nilichagua bangili, mama," nikasema. "Sikumchagua mtu. Sikujua mnauliza. Mimi nataka kusoma."

Akaweka ungo chini.

"Umemkataa mwanangu?"

"Hata simjui, mama."

"Naye hakujui." Akashusha pumzi. "Nilikuwa sijamwambia bado. Nilitaka kwanza nipate jibu."

Tukatazamana. Kwa hiyo kwa wiki tatu nilikuwa nimechumbiwa na mtu ambaye hana habari, kwa jibu la swali ambalo sikulisikia. Sikujua nicheke au niombe radhi. Nikaomba radhi, nadhani. Yeye akaviokota vile vipande, akavishikanisha kwenye mkono wake mwenyewe, akauinamisha upande kutazama.

"Kwa nini lakini uliichukua hii? Wasichana wa sasa wanapenda plastiki."

"Ilikaa vizuri."

"Ilikaa," akakubali. Akavifunga ndani ya leso, akaichomeka kiunoni. "Nenda, utakosa basi. Shangazi yako nitamwambia mimi."

Sijui alimwambia nini. Shangazi hajanisemesha tangu siku hiyo. Jumatatu nilikuwa darasani, somo la hesabu, sikuelewa hata mstari mmoja, lakini nilikuwepo.