Laptop ya Metrine Imefungiwa kwa Kosa la Skrini Nyeusi

Hii nikiwaambia mtasema natunga, lakini nilikuwa hapo, simu mkononi, nikirekodi: laptop imekamatwa kwa sababu haina picha.

Saa moja asubuhi, ufuo mmoja wa Ziwa Victoria, karibu na Port Victoria. Maboti ya omena, wale dagaa wa ziwani, yanaingia. Metrine Naswa, miaka 26, fundi wa programu kutoka Nyalenda, Kisumu, amekalia kreti ya soda ndani ya ofisi ya kamati ya ufuo. Siku hiyo anaonyesha kazi yake. Wakiipenda, anapata kandarasi ya mwaka mzima, ya kwanza maishani.

Kazi yenyewe ni hivi: boti ikifika, wamama thelathini na nane wanaouza omena wanapata meseji. Kwa kawaida wao hutembea ufuo mzima na mabeseni, wakifika wanakuta mabroka, wale madalali, wamebeba zote.

Programu aliiandika kwa laptop kuukuu aliyonunua kule Otonglo, Kisumu, kwa elfu sita. Ukiiwasha ni skrini nyeusi na maandishi tu. Unaiandikia amri, inatii.

"Nikiweka ile mfumo ya madirisha na rangi, inachemka kama sufuria halafu inakwama," anasema. "Nikatoa yote. Sasa nguvu yake yote inaenda kwa kazi."

Katibu wa kamati, Bwana Dalmas, hataki kusikia. "Kompyuta gani haina mouse? Tumia ya ofisi."

Ya ofisi ni mpya, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya shosho mzee kijijini. Metrine anaiwasha. Inasema inajisasisha, isizimwe. Asilimia nne. Robo saa baadaye, asilimia tisa. Nje, broka wa kwanza ameshapaki pikapu.

"Bwana katibu, omena haingoji," anasema Mama Nabututu, mwenyekiti wa wauzaji.

Metrine anatoa laptop yake kwa mfuko wa nailoni. Anaandika mstari mmoja. Anabonyeza.

Simu zinalia ufuo mzima, ndani ya leso, chini ya mabeseni. Wamama wanakimbia. Siku hiyo broka anaondoka na pikapu nusu.

Mimi nilidhani atapigiwa makofi. Wapi.

"Umeingiaje kwa simu za watu?" Dalmas anauliza.

"Baba, namba walinipa wenyewe."

"Hiyo skrini nyeusi ni ya wale wezi wa pesa za simu. Nimeiona kwa sinema mara ngapi?"

"Wezi pia wanavaa viatu, Baba. Wewe umevaa."

Hapo ndipo laptop ilifungiwa kwa kabati ya jaketi za kuokolea, pamoja na programu ndani yake. Wiki nzima sasa hakuna meseji. Mabroka wanapiga mluzi. Ile mashine ya ofisi katibu anachezea karata.

Kamati imempa karatasi. Akisaini, anarudishiwa laptop na kandarasi anapewa. Lakini karatasi inasema aliingilia simu za watu bila ruhusa, na hataleta skrini nyeusi hapo tena, kazi aifanye kwa mashine ya ofisi.

"Nilitaka kufikisha hii meseji kila ufuo mpaka Kisumu," Metrine ananiambia. "Nikisaini kwamba mimi ni mwizi, nani atanipa namba yake tena?"

"Saini tu, mwanangu," Mama Nabututu anamwambia polepole. "Sisi tunajua ukweli. Na omena inaenda na mabroka."

Kamati inakaa Ijumaa. Karatasi iko kwa meza, kalamu iko juu yake.

Wewe ungesaini?