Siku Kumi na Moja za Rosebellah

Rosebellah alikuwa amemwekea Madam Haifa kinyongo kwa miezi kumi na minne, na kinyongo cha Rosebellah hakikuwa cha mchezo. Alikitunza vizuri kuliko alivyotunza vyombo vya kioo vya nyumba ile ya Jidda, navyo, tusimnyime haki yake, alivitunza vizuri sana.

Sababu yenyewe ni hii. Mama yake alifariki huko Vihiga juma lile lile binti wa madam alipokuwa akiolewa. Simu ya Rosebellah ilikuwa imefungiwa kabatini, kama kawaida, basi kaka yake akampigia Josphat, dereva wa nyumba, Mkenya mwenzao. Josphat, kwa adabu zake za kijinga, akamwambia madam kwanza. Madam akamwamuru anyamaze: wageni wako njiani, nani atapika kama huyu atakaa kulia? Rosebellah akapika. Kila siku aliomba simu asalimie nyumbani, na kila siku alijibiwa vile vile: "Baadeen, Rosa." Baadaye. Siku ya kumi na moja, wageni walipokwisha kuondoka, Josphat alimpa habari wakishusha magunia ya mchele. Mama alikuwa ameshazikwa.

Kwao, binti wa marehemu huingia langoni akilia kwa wimbo anaoutunga papo hapo. Humtaja mama yake na alivyoishi, na kama kuna aliyewakosea, humtaja huyo naye kwa jina, mbele ya umati, wala hakuna wa kumnyamazisha. Rosebellah hakupata lango la kuingia. Wimbo ulimkwama kifuani.

Sasa mkataba wake ulikuwa umeisha. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumanne, pasipoti ikiwa bado kwa madam, na Josphat alikuwa amemwonya. "Dada, hizi siku tano funga mdomo. Ukimkasirisha hatakusainia karatasi za kutoka, na utajipata hapa mwaka mwingine."

Wikendi hiyo madam akaenda Riyadh kwa dada yake, akamchukua Rosebellah, maana nani angembebea mkoba? Huko, mtaa wa Al-Murabba, kulikuwa kumefunguliwa makumbusho ya historia ya bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, ya miezi mitatu tu. Madam alitangulia na marafiki zake watatu, wote wakinukia udi. Rosebellah alifuata nyuma.

Kulikuwa na magitaa makuukuu ndani ya vioo, picha za watu weusi wakichuma pamba, na maelezo ya Kiarabu na Kiingereza. Rosebellah alisoma ya Kiingereza. Yalihusu wanawake waliofua na kupika katika nyumba za watu, wakawa wanaimba yaliyowauma kwa sababu kuyasema hawakuruhusiwa. Akayasoma mara mbili. Alipoinua kichwa alimwona madam amevaa hedifoni, anamsikiliza mwimbaji wa zamani akimlilia mama yake aliyekufa mbali. Madam alikuwa analia. Machozi kweli kweli, mpaka akaomba tishu kutoka mkobani.

Rosebellah akampa. Mama wa mtu asiyemjua, aliyekufa miaka mia iliyopita, alipata machozi. Wa Rosebellah alifichwa nyuma ya sufuria za harusi.

Chumba cha mwisho kilikuwa na maikrofoni. Mhudumu, msichana mwenyeji, alieleza kwamba mgeni yeyote anaweza kuimba jambo lililomuuma. Litarekodiwa, kisha litachezwa ukumbini kila siku mpaka makumbusho yafungwe. Marafiki walicheka, hakuna aliyejitokeza. Madam akamsukuma Rosebellah begani. "Imba, Rosa. Nyinyi mna sauti nzuri."

Angeweza kuimba pambio la kanisani, lisilomdhuru mtu. Aliifikiria Jumanne. Akalifikiria na lile lango. Kisha akautua mkoba sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza.

Alianza kwa Kilogooli, lugha ya kwao, akamwita mama yake kwa jina, Metrine. Halafu akaingia kwenye Kiarabu, na Kiarabu chake kilikuwa kile alichofundishwa jikoni, cha kuamrishwa. Akakigeuza kilio. Leta, Rosa. Safisha, Rosa. Mama amekufa, mafi telefon, hakuna simu. Mama amezikwa, yalla, haraka, wageni wana njaa. Nipe simu, Madam Haifa wa Jidda. Baadeen, Rosa, baadeen. Jina la madam alilitaja mara kumi na moja, mara moja kwa kila siku, na chumba kizima kilielewa.

Marafiki waliangalia viatu vyao. Mmoja akauliza polepole, "Haifa, ni kweli?"

Madam alimwambia mhudumu afute. Mhudumu, macho yamemwiva kwa machozi, akasema kwamba sauti ni mali ya aliyeimba, hufutwa akiomba mwenyewe. Basi ikabidi madam amgeukie mfanyakazi wake, watu wakitazama. "Rosa, mwambie afute. Tafadhali." Kisha kwa sauti ya chini, "Kumbuka Jumanne."

Rosebellah aliikumbuka vizuri. Alijua ndege inaweza kuondoka bila yeye, na kaburi la mama likangoja tena. Hilo lilimuuma, wala hakujidanganya. Lakini spika zilikuwa zimeshaanza kucheza, na jina la Metrine lilisikika mpaka mlangoni.

"Baadeen, madam," akasema.