Hasara Ilikuwa Ndogo

Nakumbuka alasiri moja nilipoingia kijijini kwetu Mbuchi na kitabu changu cha kwanza, mwanangu, nimekifunga kwa gazeti na mfuko wa nailoni kisirushiwe maji mtumbwini. Kilikuwa kitabu cha maisha ya Brigedia mmoja aliyeongoza kikosi katika vita vya Kagera. Nilikuwa kijana, kalamu zimejipanga mfukoni, najiona hakuna kama mimi bonde zima la Rufiji.

Heshima niliyoitaka niliipata. Baada ya sala wanaume walikaa barazani, wanawake wakawa uani wanapeta mpunga, nami nikasoma kwa sauti. Nikasoma Brigedia alivyozaliwa na alivyochunga mbuzi (wakubwa wote niliowaandika walichunga mbuzi, sijui nani alibaki shuleni), hadi nikafika siku aliyovusha kikosi mtoni chini ya risasi. Hapo nikaweka madoido: "Kikosi kilivuka, na hasara ilikuwa ndogo."

Ungo mmoja ukanyamaza uani.

"Shemeji," ikaita sauti, "na Saidi je?"

Alikuwa Zena. Saidi, mumewe, nilisoma naye madrasa. Aliingia jeshini, akaenda vitani chini ya Brigedia huyohuyo, hakurudi. Jeshini walisema hajulikani alipo, basi. Na kwetu unajua mambo yalivyo: mke hakai eda ya mume ambaye hakuna aliyethibitisha kifo chake, wala hitima haisomwi. Sheikh alimshauri aende kwa kadhi, ndoa ivunjwe, aolewe na mwingine. Alikataa katakata. "Kwa kadhi n'tatoka nimeachika," alimwambia, "na mie sijaachika. Nataka nikae eda, nimlilie mume wangu."

Nikapekua kurasa, najifanya natafuta. Nilijua fika kwamba Saidi hayumo.

"Hiyo hasara ndogo ndo yeye?" akauliza. Nikamwambia sijui. Akasogea hadi mlangoni, pumba zimemjaa mikononi. "Basi wee unakaa naye huyo mkubwa, unakunywa naye chai. Kamuulize. Kuna mtu alimwona Saidi akifa? Akisema ndiyo, nimepona."

Nilikwenda, mwanangu. Nilirudi Dar es Salaam, Brigedia akanipokea kwa bashasha, chai ikaletwa. Nikamuuliza. Mtu yule alikumbuka kila kilima alichopanda, alikumbuka gari lipi lilikwama na dereva alivyotukana. "Hebu nitajie tena hilo jina," akasema. Nikalitaja, na kijiji nikakitaja. Akakoroga chai yake. "Wote walikuwa vijana wazuri," akasema, kisha akaniuliza kitabu kitachapwa tena lini.

Nilipomfikishia Zena maneno hayo hakulia. "Yaani hata kumjua hakumjua?" aliuliza mara moja tu, akarudi kwenye mpunga wake. Mimi ndiye niliyekwenda kulia pembeni ya mikoko, mtu mzima, hadi aibu.

Ungedhani niliacha kuandika. Sikuacha, kazi nyingine sikuijua. Niliandika maisha ya waziri, ya mkuu wa mkoa, ya makanali na majenerali. Kila mmoja nilimuuliza majina ya waliokufa chini yake, na wengi walinijibu kwa hotuba. Vitabu vikazinduliwa hotelini, mgeni rasmi akakata utepe, watu wakala pilau, kisha maboksi yakaingia stoo kwa wenye sherehe. Leo nikipita Kibiti mjini vijana hunisalimia, "Shikamoo mzee mwandishi," na hakuna hata mmoja aliyesoma ukurasa mmoja. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nikivifungua navifunga.

Zena amefariki masika haya. Tulimzika kulekule Mbuchi. Nduguze walimuuliza sheikh kama hitima yake inaweza kusomwa pamoja na ya Saidi, maana miaka yote hiyo hakuna aliyemwona wala kumsikia. Wakabishana barazani, wengine wakinigeukia mimi, mjuzi wa vita, niseme neno. Nilisema sijui, neno lilelile nililomwambia Zena mwenyewe. Akasomewa peke yake. Miaka yote ile alikuwa mke wa mtu, na mjane hakupata kuwa.

Sasa umekuja kwangu na furaha yako, umepewa kazi ya kuandika maisha ya jenerali mstaafu, unataka nikwambie uanzie wapi. Anza na waliokufa. Siku ya kwanza, chai haijamiminwa, muulize majina yao na nani aliwaona. Akishindwa kuyataja, andika kwamba alishindwa. Usimwandikie hasara ndogo hata akikushika mkono. Huenda wakakunyang'anya kazi. Mimi sina la kukufariji hapo, na sikudanganyi kwamba ukiuliza utajibiwa. Mimi niliuliza maisha yangu yote. Ila uliza upesi, maana wanaojua wanakwisha, na wanaongoja wanakwisha.

Nenda mwanangu. Mungu akupe ujasiri nilioupata nikiwa nimechelewa, na siku utakapopata jibu, akukutanishe na aliyekuwa akilingoja angali hai.